SAFARI YA TANGA NA MASKATI

Wasikilizaji wetu, ukipima kwa mstari ulionyooka, toka Tanga hata Maskati ni maili 2,370 hivi. Wazee wetu wa mwambao hawakuihesabu safari hiyo kwa maili, bali kwa misimu. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hata Machi, ndiyo iliyovileta vyombo vya Manga katika Tanga, Pangani na Unguja. Na upepo ulipokuwa mwema, majuma matatu au manne yalitosha.

Lakini kurudi kulitaka kusi, ianzayo mwezi wa Aprili. Nahodha aliyechelewa kutweka tanga mapema alizuiwa na bahari chafu ya Juni na Julai, akangoja hata Agosti au Septemba. Katika kungoja huko watu walioa, wakajenga, wakazika wafu wao. Na undugu uliozaliwa hapo ungaliko pande zote mbili za bahari.

Siku hizi ndege iendayo moja kwa moja toka Unguja, jirani ya Tanga, hufika Maskati kwa saa tano na kitu. Umbali haukupungua, kilichopungua ni kungoja. Basi tufurahie wepesi huo, lakini tukumbuke kwamba udugu wetu na watu wa ng'ambo ulijengwa na wale waliokawia.