Mashine ya Mkono ya Kupiga Mifuo kwenye Bati

Mfuo kwenye bati ni bonde jembamba upande mmoja na tuta upande wa pili. Uko kwenye ndoo, mapipa, mabomba ya moshi na sakafu za magari, na wengi hudhani ni pambo tu. Kazi yake hasa ni kulikaza bati. Bati bapa likiongezwa unene mara 2, ugumu wake wa kutopinda huongezeka mara 8, lakini uzito nao huongezeka mara 2, na chuma hununuliwa kwa uzito. Mfuo huleta ugumu bila kuongeza hata gramu moja, kwa kuwa huliinua bati kutoka usawa wake, kama karatasi iliyokunjwa inavyosimama wima ilhali iliyo bapa hulala.

Zamani mfuo ulipigwa kwa nyundo. Fundi alilaza bati juu ya fuawe yenye mfereji, akashika patasi butu, akagonga, akasogeza kidogo, akagonga tena. Mstari ukienda kombo haukurekebishika kwa urahisi. Kwenye mwili wa ndoo kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana mfuo ulipaswa kuzunguka na kukutana palepale ulipoanzia.

Mashine ilitokana na biashara ya vyombo vya bati kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mnamo mwaka 1740 hivi, Edward Pattison na ndugu yake William, wahamiaji kutoka Ireland, walianza kufua vyombo vya bati huko Berlin, Connecticut. Bati lenyewe liliagizwa kutoka Uingereza likiwa mabamba madogo. Vita vya uhuru vilipokata njia hiyo kazi ilisimama, na amani iliporudi ilipanuka kuliko awali. Wachuuzi walipakia masufuria, birika na taa kwenye mikokoteni wakafika hadi majimbo ya kusini na Kanada. Nyundo peke yake isingetosheleza soko la namna hiyo.

Mwaka 1804 Calvin Whiting na Eli Parsons wa Dedham, Massachusetts, walipata hataza ya mashine za kufanyia kazi bati. Seth Peck wa Southington, Connecticut, aliziboresha na kufungua biashara ya kuziunda mwaka 1819. Mashine moja ilikunja ukingo, nyingine ilifunika waya mdomoni mwa chombo, nyingine ilipiga mfuo. Mwaka 1870 kampuni tatu za eneo hilo ziliungana kuwa Peck, Stow & Wilcox, na zana zake zikaenea kwa jina la Pexto.

Umbo la mashine hiyo halijabadilika sana tangu hapo, na linastahili kuangaliwa kwa makini. Ndani ya fremu ya chuma cha kusubu hulala shafti mbili, moja juu ya nyingine, zikiunganishwa na gia ili kila moja izunguke kinyume na mwenzake. Kwenye ncha zake hufungwa magurudumu mawili: la juu lina tuta, la chini lina mfereji. Skrubu iliyo juu huishusha shafti ya juu. Fundi huikaza kidogo, huzungusha mpini kwa mkono mmoja na kuliongoza bati kwa mwingine, kisha hukaza tena na kurudia njia ileile. Akitaka kina chote kwa mzunguko mmoja, bati hukunjamana kandokando au hupasuka.

Kanuni ileile ya kulikaza bati kwa kuliinua kutoka usawa wake ndiyo aliyoitumia Henry Robinson Palmer, aliyepata hataza ya bati la mawimbi London mwaka 1829. Paa nyingi za Afrika Mashariki leo zinaitegemea.

Karne ya 20 ilipoleta mitambo mikubwa ya kugandamiza, viwanda vya magari viliweza kutoa sakafu nzima, mifuo yake ikiwamo, kwa pigo moja. Mashine ya mkono ikabaki kwa wafua mabomba ya hewa, warekebishaji wa magari ya zamani na waundaji wa magari ya mashindano. Nyundo nayo haikutoweka: huko Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali wamejenga soko zima la masanduku, karai na majiko kwa nyundo na kipande cha reli kama fuawe.

Mahitaji ya magari yalirefusha fremu ya mashine ya mkono. Mashine za kale zilifika sentimita chache tu kutoka ukingoni mwa bati. Nyingi za leo hufika kama sentimita 45. Mikono ya fremu iliyo mirefu hivyo ikiwa ya bamba jembamba hutanuka inapokazwa, na mfuo hutoka bila kina cha kutosha na usio sawa. Ndiyo sababu wanunuzi wengi wa mashine za bei nafuu huzichomelea viimarisho, na wengine huziunda wenyewe kwa bamba nene, beringi na gia. Kwa ndoo na mabomba, Pexto ya kale bado inatosha. Kwa mabati mapana, fremu ikaguliwe kwanza, magurudumu baadaye.