Bima ya mifugo: Jinsi setilaiti inavyompimia mfugaji malisho

MWENYE ng'ombe Marsabit hawezi kukatiwa bima kama mwenye gari jijini Nairobi. Gari likigongwa, mkaguzi hufika akajionea hasara. Mifugo ikifa wakati wa kiangazi, mizoga hutapakaa nyikani mbali na barabara, na gharama ya kumtuma mtu kuihesabu huenda ikapita thamani ya mifugo yenyewe.

Ndiposa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na washirika wake walizindua huko Marsabit, Januari 2010, bima isiyohesabu mizoga. Hupima malisho.

Kazi hiyo hufanywa na setilaiti. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu wa jua na kurudisha kwa wingi miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Jani lililokauka halifanyi hivyo kwa kiwango hicho. Tofauti hiyo ndiyo inayotumiwa kukadiria hali ya uoto, kisha makadirio hayo hulinganishwa na rekodi za miaka iliyotangulia. Uoto ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa katika mkataba, wote waliokata bima katika eneo hilo hulipwa, awe aliyepoteza mifugo au asiyepoteza. Mkataba huuzwa kabla ya msimu wa mvua kuanza, maana hakuna kampuni itakayokubali kuuza bima mvua ikishakosekana.

Mwanzoni fidia ilikuwa ya kununua mifugo mipya baada ya ile ya kwanza kufa. Baadaye mpango ukageuzwa, na pengine haya ndiyo mageuzi makubwa zaidi: fedha hutolewa mapema, mnyama angali hai, ili mfugaji anunue lishe, maji na dawa. Serikali ya Kenya ilifuata njia hii katika mpango wake ulioanza 2015 katika kaunti za Turkana na Wajir. Ililipia ada ya mifugo inayolingana na ng'ombe watano kwa kila familia iliyoteuliwa, ambapo ng'ombe mmoja ni sawa na mbuzi au kondoo 10. Mapema 2017, zaidi ya familia 12,000 zililipwa jumla ya zaidi ya Sh200 milioni.

Wajir ilikuwa tayari imepata bima inayozingatia sheria ya Kiislamu mnamo 2013, kupitia kampuni ya Takaful.

Hata hivyo, setilaiti haijui ng'ombe anakula nini. Mti wa mathenge, uliosambaa Baringo, Garissa na Turkana, hubaki na majani mabichi kiangazi chote ilhali majani hayo hayapendwi na mifugo. Kutoka angani, vichaka hivyo ni kijani kama nyasi. Mfugaji aweza basi kushuhudia mifugo yake ikidhoofika huku hesabu zikidai malisho yapo, wala asipate senti.

Kisha kuna ukame usio na mfano. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2.5 ikafa nchini. Palipokosekana lishe sokoni, hata aliyekuwa na fedha mkononi hakuwa na cha kununua.

Mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mnamo 2022 kwa ajili ya Pembe ya Afrika ulibadilisha utaratibu wa ada: mfugaji hulipa sehemu, nao ufadhili hugharamia inayosalia.