Pango la Kuumbi

Pango la mawe ya chokaa karibu na Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja. Kuumbi ni mfano mzuri wa nadharia ya kisayansi iliyopimwa upya, ikanusurika nusu.

Mwaka 2005 mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo. Alidai mambo mawili: kwamba watu wa Zama za Mawe waliishi pangoni, na kwamba maelfu ya miaka kabla ya Kristo palikuwa na wanyama wa kufugwa, kuku wakiwamo. Dai la pili lilikuwa zito, maana kuku ana asili ya Asia. Lingerudisha nyuma sana tarehe za safari za Bahari ya Hindi.

Mwaka 2012 watafiti wa mradi wa Sealinks walichimba tena, wakipima umri wa tabaka kwa radiokaboni. Dai la kwanza lilisimama: wawindaji walikuwapo karibu miaka 20,000 iliyopita, Unguja ikiwa bado imeungana na bara, na mifupa ya punda milia na nyati imo. Kuku wa kale hawakuonekana. Mifupa yao, ni vyema kukumbuka, hufanana mno na ya kanga. Ushahidi uliothibitishwa kimaabara, kwa protini za mifupa na vinasaba, unaweka kuku wa pwani hii katika milenia ya kwanza BK.