Sheria Zinazolinda Mtoto, Mzee na Nyumba



Mara nyingi watu wanafika kwa mchungaji wakati mambo yamekwisha kuharibika: mtoto amefukuzwa, mjane ametolewa nyumbani, paseli imeuzwa mara mbili. Sheria ya inchi yetu ina neno juu ya kila moja, na ni heri tulijue mbele ya matanga.

Tuanze na mtoto. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, tena inakataza kumshitaki kwa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ikaweka azabu katika kifungu cha 160: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini ya franka 200.000 hadi 1.000.000. Hakuna mahali inaposema "isipokuwa nabii" ao "isipokuwa chumba cha maombi". Ninaandika hivi kwa sababu uchungu huu uko ndani ya makanisa yetu. Mtu akisimama katika ibada na kutaja mtoto fulani kuwa ndiye aliyefunga kazi ya baba yake, hilo ni kosa mbele ya tribinali, hata kama alilisema kwa machozi.

Mtoto aandikishwe pia katika siku 90 kisha kuzaliwa. Siku hizo zikipita, mutapaswa kupitia tribinali, na safari hiyo ni ndefu.

Juu ya wazee, Katiba inasema kwa ufupi. Kifungu cha 49 kinawapa haki ya ulinzi wa pekee, na kifungu cha 40 kinasema watoto wana wajibu wa kusaidia wazazi wao. Kwa hiyo kumtunza mama mzee si jambo la Amri Kumi peke yake.

Kwa nyumba, wengi wanadanganyika. Kanuni ya Jamaa ya 1987, iliyogeuzwa mwaka 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa na bwana wake, na kutumia vyombo vyake. Shemeji hawezi kuja na kufuli mupya kisha mazishi. Lakini haki hii ni ya bibi anayejulikana na sheria. Ndoa ya kanisani peke yake, hata yenye kwaya tatu, haitoshi. Lazima ndoa iandikishwe kwa serikali. Mimi mwenyewe nimezika baba wa familia, kisha nikaona mama akikosa karatasi hata moja ya kuonyesha. Tangu siku ile sibariki ndoa bila kuona cheti.

Karatasi ya kununua yenye sahihi ya shefu wa kartie ni ushuhuda tu. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, haki juu ya paseli inasimama kwa cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na ofisi ya ardhi. Mtu mwingine akipata cheti hicho juu ya paseli yako, una miaka 2 ya kukishitaki. Ikipita, utaweza kuomba malipo tu, udongo hautarudi. Ndugu waliokimbia vita na kuacha paseli zao wamutume mtu wa kuaminika aulize katika ofisi hiyo, mbele ya miaka hiyo kuisha.