Dhamana ya Mgeni: Safari ya Neno Kafala

Katika vitabu vya fikihi ya Kishafii vilivyosomeshwa visiwani kwa vizazi vingi, umo mlango uitwao mlango wa dhamana. Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho makadhi wa pwani walikuwa hawaachani nacho, inaeleza humo mambo mawili yaliyo ndugu. La kwanza ni mtu kusimamia deni la mwenziwe: asipolipa mdaiwa, atalipa mdhamini. La pili ni mtu kumdhamini mwenziwe kwa mwili wake, yaani kuahidi kwamba mshitakiwa atahudhuria mbele ya kadhi siku atakayotakiwa. Hili la pili ndilo lililoitwa kafala ya mwili, na ndilo linaloendelea kutendeka mahakamani kila jamaa anapokwenda kumwekea dhamana ndugu yake aliyetiwa ndani.

Yapasa kutazama mzigo uko kwa nani. Kafili ndiye anayejifunga, anayedhaminiwa hupumua. Wanavyuoni walio wengi walikataa kafili asitoze ujira kwa dhamana yake, kwa hoja kwamba dhamana ni wema, na wema hauuzwi. Neno lenyewe lina heshima kubwa. Kurani inaitumia asili ya neno hilo katika habari ya Nabii Zakaria alipopewa ulezi wa Bibi Mariamu, na anayemlea yatima huitwa kafili wa yatima, cheo ambacho Waislamu wamefundishwa kukitamani.

Litaje neno hilohilo mbele ya mwanamke wa Unguja aliyerudi kutoka Maskati baada ya miaka miwili ya kazi za nyumbani, utaona uso wake unavyobadilika. Kwake yeye kafili si mtu aliyebeba deni la mtu. Ni tajiri ambaye jina lake limeandikwa katika viza na katika ikama, ambaye bila ya idhini yake mfanyakazi hakai, hahami kazini, na katika baadhi ya nchi kwa miaka mingi hata kuondoka hakuweza. Mzigo umehamia upande wa pili. Aliyekuwa akipumua ndiye aliyefungwa.

Je, neno liligeuka wapi? Majawabu mawili husikika kila mara barazani. Wengine husema hiyo ni sharia ya dini. Jawabu hili halina mguu wa kusimamia, kwani hakuna mlango wa fikihi unaomfanya mgeni kuwa mdaiwa kwa sababu tu yumo katika nchi ya watu. Wengine husema ni ada ya Waarabu tangu kale, ukarimu wa jangwani ambapo mgeni huingia chini ya himaya ya mwenyeji wake. Jawabu hili la pili lina ladha ya ukweli, ndiyo maana limedumu. Lakini himaya ya jangwani haikuwa na muhuri, wala mwenyeji hakuwa akimpeleka mgeni wake polisi kwa kosa la kuhama hema.

Jawabu lililo karibu zaidi na kweli linapatikana baharini, katika uzamiaji wa lulu. Mpaka miaka ya 1920 lulu ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa miji ya Ghuba: Kuweti, Bahraini, Doha, Dubai. Kila kiangazi majahazi yalitweka kwa miezi minne hivi, yakichukua wazamiaji kutoka Najdi, Omani, pwani ya Uajemi na Baluchistani, na miongoni mwao walikuwamo watu wengi wenye asili ya Afrika ya Mashariki, watumwa na wana wa watumwa, waliovushwa bahari katika karne ya 19 na hata baada yake. Mzamiaji alianza msimu kwa kukopa kwa nahodha ili awaachie wake na wana chakula, na alimaliza msimu akiwa angali anadaiwa. Mzamiaji akifa deni liliweza kurithiwa na mwanawe, naye akaingia majini kulilipa.

Katika kazi hiyo kulikuwa na karatasi moja iliyostahili historia yake mwenyewe. Iliitwa barwa, neno ambalo sikio la Mswahili halitashindwa kulifananisha na barua. Mzamiaji aliyetaka kumwacha nahodha wake na kwenda kwa mwingine sharti achukue barwa kutoka kwa yule wa mwanzo, iliyoandikwa kiasi cha deni lake au kwamba hadaiwi kitu. Nahodha mpya hakuwa na ruhusa ya kumpakia mtu asiye na barwa. Basi kabla ya mafuta, kabla ya viza, palikuwapo tayari mtu ambaye hawezi kubadili tajiri mpaka tajiri aandike.

Hata hivyo barwa ilikuwa karatasi ya deni, wala haikuuliza mtu ametoka nchi gani. Swali hilo la pili lilikuja na Waingereza. Kwa amri ya mwaka 1913, iliyoanza kutumika mwaka 1919, Uingereza ilijitwalia mamlaka ya kuwahukumu wageni wote waliokuwa Bahraini, na mtawala akaachiwa raia zake. Kabla ya hapo kulikuwa na watu wa kabila hili na mji ule, waliokwenda na kurudi kwa msimu wa pepo kama walivyokuwa wakienda na kurudi Unguja. Baada ya hapo ilibidi kila mtu awe ama mwenyeji ama mgeni, na mgeni awe na mtu wa kuulizwa habari zake. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wachache mno kuwasimamia maelfu ya wazamiaji. Mwanachuoni wa Kibahraini Omar AlShehabi, katika utafiti alioutoa mwaka 2019, ameonyesha jinsi tatizo hilo lilivyotatuliwa katika miaka hiyo ya 1920: nahodha anayeleta wazamiaji wa kigeni awe ndiye mwenye dhamana yao mbele ya serikali. Ulinzi wa mipaka ukakabidhiwa mwenye jahazi, wala haukuigharimu serikali hata rupia.

Hapo ndipo neno lilipogeuka. Umbo la kafala ya mwili lilibakia vilevile: kafili anaahidi kumleta mtu atakapotakiwa. Kilichobadilika ni sababu. Zamani mtu alidhaminiwa kwa kuwa ana kesi au ana deni. Sasa anadhaminiwa kwa kuwa ni mgeni. Kuwapo kwake tu kumekuwa ndiyo deni, na anayedai ni dola.

Isidhaniwe kwamba fikira hii iliwajia Waingereza Bahraini peke yake. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa katika Unguja na Pemba, na ndani ya amri hiyohiyo aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe makazi maalumu na njia ya riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mwenye shamba akawa ndiye shahidi wa makazi. Na Kenya, tangu mwaka 1920, kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikia miaka 16 alilazimika kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, ambayo wengi waliitundika shingoni ndani ya kibweta cha bati. Tajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Aliyeondoka kabla tajiri hajatia saini ya kumwacha alikuwa na hatia ya utoro, na polisi walimtafuta.

Barwa, kipande, kafala: karatasi tatu, na katika kila moja mkono unaomfungua mfanyakazi ni mkono wa yule anayefaidika na kazi yake. Mbili za mwisho zilipikwa katika muongo mmoja, chini ya himaya ya dola moja.

Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Katika miaka hiyohiyo ofisi ya wakala wa Kiingereza pale Bahraini ilikuwa ikitoa hati za uhuru kwa watumwa waliokimbia, na wengi wa waliobisha mlango wake walikuwa wazamiaji. Mtu aliweza kuingia katika ofisi hiyo akiwa mtumwa, akatoka akiwa huru, kisha akarudi majini akiwa mgeni aliye chini ya dhamana ya nahodha. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku Bahraini mwaka 1937, Kuweti 1949, Katari 1952, Saudi Arabia 1962 na Omani 1970. Ukiziweka tarehe hizo pembeni mwa tarehe za sheria za ukaazi wa wageni, Saudi Arabia 1952, Kuweti 1959, Katari 1963, utaona mlango mmoja ukifungwa na mwingine ukifunguliwa ndani ya ukumbi uleule.

Lulu ilikufa kwa msukosuko wa uchumi wa mwaka 1929 na kwa lulu za kufugwa za Wajapani. Mafuta yakatoka Bahraini mwaka 1932, Kuweti na Saudi Arabia mwaka 1938. Bei ilipopanda ghafla mwaka 1973, mamilioni ya watu waliitwa kujenga barabara, kuponya wagonjwa na kufagia nyumba, na utaratibu wa nahodha ulikuwa tayari unangoja. Kilichohitajika ni kulifuta jina la nahodha na kuandika jina la kampuni au la baba wa nyumba.

Kafala haikumbagua mwenye ujuzi na asiye nao, angalau katika maandishi. Mchezaji wa kandanda Mfaransa, Zahir Belounis, alizuiliwa Katari kwa zaidi ya mwaka mzima kwa kukosa kibali cha kutoka, akagombana na klabu yake juu ya mshahara, hata akaruhusiwa kuondoka Novemba 2013. Yeye alikuwa na balozi, magazeti na wakili. Huko Kuweti, viza ya kazi katika makampuni hujulikana kwa ibara yake, ya 18, na ya watumishi wa nyumbani ibara ya 20. Watu hutajana kwa namba hizo kama wanavyotajana kwa makabila. Mwenye 18 yumo ndani ya sheria ya kazi. Mwenye 20 hakuwa na sheria yake mpaka mwaka 2015, kwani nyumba ilihesabiwa kuwa ni sitara ya familia, wala mkaguzi haingii katika sitara ya mtu.

Na hapa kisa kinaingia ndani ya nyumba za Unguja na Pemba. Baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya Omani warudi, familia nyingi za visiwani zilivuka. Walikuwa na skuli na Kiingereza wakati Omani yenyewe ilikuwa na skuli za kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo walipata nafasi serikalini na katika kampuni ya mafuta. Hao waliingia kwa nasaba, wakapewa uraia. Miaka 30 baadaye wakaanza kuvuka wengine, wengi wao wanawake, lugha ileile, pengine mtaa uleule walikozaliwa wazee wa wale wa mwanzo. Hawa waliingia kwa viza ya kafili. Imetokea kafili na mtumishi wake wazungumze Kiswahili jikoni, wote wawili wakijua jina la bibi yupi aliyezikwa Malindi, huku mmoja ana pasipoti mbili kabatini: yake, na ya mwenziwe.

Si haki kuiita hali hiyo utumwa kisha kutosheka. Waliokwenda walikwenda kwa hiari yao, wengi wamejenga nyumba za mawe na kusomesha wadogo zao, na wako makafili wanaostahili jina lao kwa maana ya Kurani. Lakini utaratibu hupimwa kwa anachoweza kufanya kafili mbaya. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mazungumzo na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, mishahara iliyokatwa au kutolipwa kabisa, na siku za kazi zisizo na mwisho. Aliyekimbia aliweza kushitakiwa kwa kosa linaloitwa huruub, yaani kutoroka. Kwa Kiswahili mtu huyo hana jina ila mtoro, jina walilokuwa nalo wale waliokimbilia Witu na Fuladoyo katika karne ya 19.

Mabadiliko yamekuja. Bahraini ilianza mwaka 2009 kumruhusu mfanyakazi kuhama bila ya ridhaa ya tajiri, kisha mwaka 2011 ikamtaka akae kwanza mwaka mzima. Katari iliwaondolea wengi kibali cha kutoka mwaka 2018, na mwaka 2020 ikaondoa sharti la barua ya tajiri ya kutopinga uhamisho, ikaweka kima cha chini cha mshahara cha riali 1,000. Omani iliacha kuidai barua hiyo kwa aliyemaliza mkataba, tangu Januari 2021, na Saudi Arabia ikalegeza masharti Machi mwaka huohuo. Barwa, hatimaye, baada ya miaka mia. Ila mageuzi ya Bahraini ya 2009 hayakuwagusa watumishi wa nyumbani, na ya Saudi Arabia ya 2021 yaliwaacha nje vilevile.

Kati ya hayo yote, lililopita kimya zaidi huenda ndilo lililo karibu zaidi na mlango wa dhamana wa Minhaj. Mwaka 2018 Katari ilianzisha kwa sheria mfuko wa kuwalipa wafanyakazi haki zao pale tajiri anaposhindwa kulipa au anapofilisika. Katika mfuko huo anayedaiwa ni tajiri, anayedai ni mfanyakazi, na aliyejitia kati kuwa kafili ni dola.