Koyote

Koyote (jina la kisayansi Canis latrans) ni mnyama wa jamii ya mbwa anayeishi Amerika ya Kaskazini na ya Kati. Ni mdogo kuliko mbwa mwitu wa kijivu. Wengi wana uzito wa kilo 8 hadi 20. Hula panya, sungura, mizoga, matunda, na wakati mwingine kondoo. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mbweha wa dhahabu wa Serengeti na Ngorongoro ana undugu wa karibu zaidi na koyote na mbwa mwitu kuliko na mbweha wa Ulaya na Asia anayefanana naye.

Jina limetoka katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki, likapitia Kihispania. Coyoacán, leo sehemu ya Jiji la Mexico, ni mahali pa koyote. Mfalme mshairi wa Texcoco, Nezahualcóyotl (1402–1472), jina lake ni koyote aliyefunga kula. Katika ngano za wenyeji wa Marekani koyote ana nafasi ya sungura wetu, ila ujanja wake mara nyingi humponza, na ana mkono katika uumbaji wenyewe. Wanavajo husimulia kwamba nyota zilikuwa zikipangwa angani moja moja kwa utaratibu. Koyote akakosa subira, akazirusha zote kwa mkupuo. Ngano hizo husimuliwa majira ya baridi tu.

Kwenye mpaka wa Mexico na Marekani, koyote pia ni mtu anayelipwa kuvusha wahamiaji kwa siri. Wapo waliowatelekeza wateja wao jangwani bila maji.

Wafugaji walimchukia mnyama huyu, na serikali ya Marekani ikaingia vitani: sheria ya mwaka 1931 iliidhinisha fedha za kumwangamiza kwa mitego, risasi na sumu. Sumu iliua pia tai, mbwa na wanyama wengine wengi, hadi Rais Nixon alipoizuia katika ardhi ya serikali kuu mwaka 1972. Vita hivyo vilikuwa vya kikatili na havikufaulu. Mbwa mwitu, adui yake mkubwa, ndiye aliyetoweka sehemu nyingi, naye koyote akaenea kutoka nyika za magharibi hadi pwani ya Atlantiki.

Mijini amejifunza kuishi na watu kwa kuwakwepa. Huko Chicago, ambako watafiti wamewafuatilia kwa kola za redio tangu mwaka 2000, hutembea zaidi usiku na kuvuka barabara magari yakipungua. Hatari huanza watu wanapomlisha, kwa kuwa huzoea na kupoteza woga. Vifo vya watu vinavyojulikana ni viwili tu: mtoto huko California mwaka 1981 na msichana mwimbaji huko Nova Scotia, Kanada, mwaka 2009.

Kusini amekwishafika Panama, karibu na msitu wa Darién. Akiupita, ataingia Kolombia, na kwa mara ya kwanza Amerika ya Kusini itakuwa na koyote.