Swali la Bibi wa Kerege: Je, Chanjo Huziba Njia ya Kirusi?

Agosti 2021, nikiwa msibani Kerege, bibi mmoja aliniita pembeni. "Mwalimu, wewe umesoma. Nikichanjwa, mjukuu wangu hataupata ugonjwa huu kwangu?" Nilimjibu bila kusita: hataupata, Bibi. Akachanjwa. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata nyumba nzima ilikohoa, naye akiwa wa kwanza.

Jibu langu halikutoka katika tiba. Lilitoka katika historia, tena historia ya ugonjwa mwingine. Nilikuwa nikiifikiria ndui. Ugonjwa huo ulifuatana na misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 hadi pwani hii, na mwishowe chanjo ikaung'oa kabisa: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Wazee wetu wengi bado wana kovu la ushindi huo mkononi. Basi tunaposikia neno chanjo, tunatazamia kovu na mwisho wa ugonjwa.

Lakini ndui na surua hukaa mwilini siku kumi au zaidi kabla ya kujitokeza, na muda huo huupa mwili uliochanjwa nafasi ya kukumbuka na kujipanga. Tena virusi vyake havibadiliki sura kiasi cha kuikwepa kinga. Surua husafiri kwa hewa kama korona, na bado chanjo huizuia kuenea. Kirusi cha korona huzaliana puani na kooni kwa siku chache tu, kabla kinga iliyoamshwa kwa sindano ya begani haijafika kwa wingi. Aliyechanjwa anaweza kumwambukiza mwenzake wakati mapafu yake mwenyewe yamesalimika. Kisha kinga hupungua, na kirusi hubadilika, kama Omicron ilivyotuonyesha mwishoni mwa 2021. Mafua makali yana tabia hiyohiyo, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupitia upya mchanganyiko wa chanjo yake mara mbili kila mwaka.

Je, haya hayakujulikana? Jaribio kubwa la chanjo ya Janssen, iliyoletwa kwetu Julai 2021, liliundwa hasa kupima nani ataugua, si nani ataambukiza. Matokeo yake yalikuwa mazuri: asilimia 66 dhidi ya ugonjwa wa wastani hadi mkali, na 85 dhidi ya ugonjwa mkali. Sisi tuliongeza ahadi ambayo hayakuitoa.

Siasa yetu haikuacha nafasi ya ahadi ya kadiri. Takwimu za taifa zilikuwa zimesimama tangu 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Februari, Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kuzipokea. Tarehe 28 Julai, Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera. Mtumishi wa afya wa kata alipaswa kuligeuza neno lake ndani ya miezi sita, na neno la haraka lilikuwa "inazuia". Wapinzani wa chanjo nao walitumia kipimo kilekile cha ndui: mbona waliochanjwa wanaugua?

Linaloniuma ni kwamba Bagamoyo ilikuwa na mfano bora zaidi. Ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, kuanzia 2009. Kwa watoto waliopata dozi zote nne, chanjo hiyo ilipunguza malaria kwa kama theluthi moja katika miaka minne. Hakuna aliyewaambia wazazi wakunje vyandarua. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika, hivyohivyo ilivyo, pungufu na yenye faida.

Nilirudi kwa Bibi kukiri kosa. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kadi ya kliniki ya mjukuu wake mdogo, aliyekuwa hajapata sindano ya pili ya surua. "Na hii nayo, mwanangu? Niambie kweli safari hii." Nilimweleza habari ya zile siku kumi, polepole, mpaka akaridhika. Asubuhi yake walikwenda zahanati.